Mbono Kaburi

Nyuma ya shamba la familia yetu, Kisarawe, kuna vichaka vinne ambavyo dalali alivihesabu kama usumbufu. Alimwambia mteja wake kwamba kuvifyeka ni kazi ya nusu siku. Wanandugu wakanipa kazi ndogo kabla ya kukubaliana bei: nijue ni mmea gani.

Nilianza na kinachoonekana. Gome laini la rangi ya majivu. Majani mapana yenye umbo la moyo, mengine yana pembe tatu, mengine tano. Nikivunja kikonyo, utomvu mwepesi unatoka. Tunda ni la mviringo, na likikauka linapasuka na kuacha mbegu nyeusi, kwa kawaida tatu. Nilipiga picha, programu ya simu ikanirudishia jina: Jatropha curcas. Shangazi alinisikia nikilisoma kwa kujikongoja.

"Huo mbono kaburi," akasema, akaendelea kupeta mchele.

Majina yote mawili ni sahihi, na kila moja lina historia yake.

La kwanza lilitolewa mwaka 1753 na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, kutokana na maneno ya Kigiriki yanayomaanisha tabibu na chakula. Katika kitabu hicho hicho, muhogo nao aliuweka kwenye kundi la Jatropha, ingawa baadaye ulihamishiwa kundi jingine. Mimea hii miwili ni ndugu wa ukoo mmoja na asili yao ni Amerika ya kitropiki. Wataalamu wengi wanaamini mabaharia wa Kireno ndio walioueneza mbono huu Afrika na Asia. Katika karne ya 19, visiwa vya Cape Verde viliuza mbegu zake Ureno, mafuta yakatengenezwa sabuni na kuwashiwa taa.

Jina la pili lilitolewa na watu ambao hawakuandika kitabu. Walikuwa tayari na mbono wao, ambao wengine huuita mbarika au mnyonyo, mmea wa asili ya Afrika wenye mbegu za mafuta. Mgeni alipofika naye ana mbegu za mafuta, wakampa jina la mwenyeji. Kisha wakaongeza neno la kumtofautisha, nalo likatoka pale walipokuwa wakimpanda.

Walikuwa na sababu. Kijiti cha mbono kaburi kikichomekwa ardhini hushika. Mbuzi hawauli, kwa kuwa una sumu. Ndiyo maana watoto hukanywa wasitafune mbegu zake. Huvumilia ukame na huishi miongo mingi. Kwa asiye na saruji wala jiwe la kuchongwa, hiyo ni alama isiyogharimu kitu. Lakini sifa hizo hizo huufanya uwe ua mzuri wa boma, hivyo jina peke yake halikutosha. Shangazi aliniuliza swali ambalo programu haikuuliza: imepandwa kwa safu, au miwili miwili?

Ilikuwa miwili miwili, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Makaburi mawili. La kwanza alilijua: mdogo wake bibi, aliyefariki akiwa mtoto. La pili hakuna aliyebaki wa kulitaja. Tulilitenga eneo hilo, na bei ikashuka.

Wilaya yetu iliwahi kuuona mmea huu kwa jicho jingine. Miaka ya 2000, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda, mbono ulisifiwa duniani kote kuwa chanzo cha dizeli. Kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe kwa ajili ya kuulima. Mwaka 2011 shughuli zikasimama, na vijiji vilivyotoa ardhi vikabaki na ahadi. Ni kweli mbono huota kwenye ardhi duni, ila kuzaa kwa wingi kunahitaji maji na rutuba. Wazee waliupanda makaburini kwa sababu haufi, hawakuutarajia uwalishe.

Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi tangu 1969. Inaelekeza namna ya kuyahamisha ardhi inapohitajika kwa matumizi ya umma, na inataka tangazo litolewe kwanza. Lakini tangazo humfikia aliye hai na anayejua kwamba ana mtu pale. Barabara, mabomba na viwanja vipya vinazidi kusogea kuelekea mashamba ya zamani ya Pwani. Mthamini akifika huhesabu minazi, mikorosho na miembe. Kwenye mbono miwili iliyosimama hatua chache kati yake, akiandika "kichaka" na pasiwepo mtu wa kumsahihisha, hakutakuwa na mtu wa kuhamishwa.