Uhuru Ulitamkwa Kaloleni, na Sisi Tunapita tu na Matatu

Jogoo Road nimeipita mara zisizohesabika. Muziki juu, macho kwa simu. Kaloleni kwangu ilikuwa stage ya kupita tu nikienda tao. Jumamosi iliyopita nilishuka, nikajiunga na wasee wengine kumi kutembezwa mtaani na kijana aliyezaliwa hapo hapo.

Kitu cha kwanza alituambia: "Angalieni juu kwanza." Paa za vigae vyekundu, nyumba za mawe, miti, nafasi kati ya nyumba. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, na kati ya waliobeba hayo mawe ni wafungwa wa vita kutoka Italia. Kabla ya hapo, serikali ya mkoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kama mfanyakazi wa kupita. Alipewa kitanda tu, familia ibaki ushago. Kaloleni ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza kujengewa Waafrika waishi na bibi na watoto. Hebu fikiria, kulala na familia yako jijini ilikuwa habari kubwa!

Halafu tukafika kwa ukumbi. Ukiuona, unaweza kudhani ni pa harusi na matanga tu. Lakini sikiza hii stori.

Machi 30, 1950, Nairobi ilipewa hadhi ya jiji. Sherehe kibao. Chama cha wafanyakazi cha Fred Kubai na Makhan Singh kikasusia, kwa sababu jiji ni la nani kama anayelijenga hana mshahara wa kumtosha? Hata mwezi haukuisha. Aprili 23, kwa mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh alisimama ndani ya ukumbi huu akadai uhuru kamili. Si baadaye, sasa. Mei 15 yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wakagoma, wakitaka viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100. Mgomo ukapita wiki nzima. Makhan Singh aliwekwa kizuizini hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Kenyatta mwenyewe aliachiliwa kabla yake!

Manze, mimi nilisoma historia hadi form four. Jina Makhan Singh nililisikia, nikalikariri, nikapata maksi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni hapa, kituo cha matatu yangu.

Tukiwa tunapiga picha, shosho mmoja aliyekuwa akichambua sukuma mlangoni akatuita. Tukamsalimia. Akacheka, akasema: "Mnapiga picha ya ukuta, wajukuu wangu. Na mimi je? Nyumba si yangu, mimi mpangaji. Ukuta ukianguka, mtanipiga picha wapi?"

Hapo nilikosa jibu, na hadi leo sina la maana. Najua nyumba hizi zimezeeka. Najua Nairobi inahitaji nyumba nyingi, na mimi mwenyewe nalipa rent ya kuumiza. Siwezi kumwambia mtu aishi na bomba bovu ili mimi nipate picha safi. Lakini tazama Pangani. Kijiji cha zamani kilibomolewa na mkoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Juzi tu, nyumba za kaunti za Pangani zikabomolewa tena ili magorofa yajengwe. Sasa uliza kijana wa pale kulikuwa na nini. Atakuonyesha gorofa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Wakijenga, wajenge na shosho akiwemo kwenye orodha, na ukumbi usiguswe. Na sisi tuache kungoja sherehe za Madaraka ndio tukumbuke. Shuka stage moja mapema. Lipa kijana wa mtaa akutembeze. Beba maji, vaa raba.

Na ukifika, msalimie shosho kabla ya kutoa simu.