Northern Star: miaka 15 ya gazeti la makabwela

Jumamosi ya tarehe 18 Novemba 1837, miezi mitano tangu Malkia Victoria atwae kiti cha ufalme, gazeti jipya la kila wiki lilitoka Leeds, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Liliitwa Northern Star. Jina hilo lilikuwa na historia yake. Miaka 40 kabla, huko Belfast, wanamapinduzi wa Ireland walikuwa na gazeti la jina hilohilo, hadi askari walipovamia ofisi yake mwaka 1797 na kuvunjavunja mitambo. Mwenye gazeti la Leeds, Feargus O'Connor, alikuwa mpwawe Arthur O'Connor, mmoja wa viongozi wa wanamapinduzi hao. Serikali haikuhitaji kufafanuliwa jina hilo lilimaanisha nini.

O'Connor alizaliwa County Cork katika miaka ya 1790, kwenye familia yenye mashamba na madai makubwa ya damu ya kifalme. Alisomea sheria. Mwaka 1832 alichaguliwa mbunge wa Cork, na mwaka 1835 akavuliwa kiti kwa kuwa mali yake haikufikia kiwango ambacho sheria ilimtaka mbunge awe nacho. Hapo ndipo alipohamishia siasa zake Uingereza, akawa anazunguka miji ya viwanda akihutubia mikutano ya hadhara. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ya kufika nyuma kabisa ya umati. Lakini sauti, hata iwe kubwa namna gani, huishia pale uwanjani, na magazeti ya matajiri wa Leeds na Manchester hayakuwa na haja ya kuandika alichosema.

Mtaji ulichangwa. Wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa Leeds, Bradford, Halifax, Huddersfield, Hull na miji ya jirani walinunua hisa zilizofikia karibu pauni 690, na O'Connor akawa mmiliki. Uchapaji alikabidhiwa Joshua Hobson, kijana wa Huddersfield aliyeanza maisha kama seremala na aliyekwisha kufungwa jela kwa kosa la kuchapa gazeti lisilolipiwa kodi. Uhariri alipewa William Hill, mchungaji wa kanisa dogo mjini Hull. Ofisi ilikuwa Market Street, karibu na Briggate.

Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa mwiba. Sheria ilitaka kila karatasi ya gazeti igongwe muhuri wa serikali kabla ya kuchapwa. Hadi 1836 muhuri mmoja uligharimu peni 4, kusudi magazeti yasifike mikononi mwa maskini. Mamia ya watu walifungwa kwa kuuza magazeti yasiyo na muhuri, hadi serikali ikaona heri ipunguze kodi hadi peni 1 na wakati huohuo iongeze makali dhidi ya wakwepaji. O'Connor aliamua kulipa. Katika toleo la kwanza aliwaambia wasomaji wakitazame kile kidoa chekundu pembeni mwa ukurasa, akakiita alama ya tauni. Hata hivyo kidoa hicho kilikuwa na faida yake: gazeti lenye muhuri lilisafirishwa na posta bure, nchi nzima. Serikali ikajikuta inambebea O'Connor gazeti lake hadi Scotland na Wales.

Bei ilikuwa peni 4 na nusu. Wafumaji wengi wa vitambaa kwa mikono walikuwa hawafikishi shilingi 10 kwa wiki, na shilingi ilikuwa peni 12. Kwa hiyo watu walichanga. Mwandishi Ben Brierley, aliyekulia Failsworth karibu na Manchester, alisimulia baadaye kwamba baba yake na wenzake watano walikuwa wakinunua nakala moja kwa ushirika. Kila Jumapili asubuhi walikusanyika nyumbani kwao, na yeye, mtoto, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea kwa sauti. Aliyewahi kukaa kijiweni akiona gazeti moja likisomwa na watu kumi ataielewa hesabu hiyo. Mwaka 1839 gazeti liliuza wastani wa nakala 36,000 kwa wiki, zaidi ya gazeti lolote la mikoani. Takwimu hizo zinaaminika kwa sababu zinatoka kwenye daftari la serikali yenyewe, iliyokuwa ikihesabu mihuri.

Kilichowavuta wasomaji hao ni Hati ya Watu, tamko la madai sita lililotolewa mwaka 1838: kura kwa kila mwanamume mtu mzima, kura ya siri, bunge la kila mwaka, mishahara kwa wabunge, majimbo yenye idadi sawa ya wapiga kura, na kufutwa kwa sharti la mali. Wafuasi wake waliitwa Wachartisti, kutokana na neno la Kiingereza charter, yaani hati. Chama cha kitaifa hawakuwa nacho hadi Julai 1840. Kwa miaka hiyo ya mwanzo, gazeti ndilo lililokuwa makao makuu yao. Mkutano wa kijiji cha wachimba makaa ulipata nafasi kwenye safu zilezile zilizobeba hotuba za London. Michango ya peni iliorodheshwa tawi kwa tawi, kila mtu aone fedha yake imefika. Wazazi waliowapa watoto wao jina la Feargus waliwaona wametajwa gazetini. Kulikuwa na safu ya mashairi ya wasomaji, na mhariri hakuwa na huruma: aliyeandika ovyo alijibiwa hadharani aachane na ushairi.

Mawakala nao walikuwa watu wa harakati. Manchester alikuwako Abel Heywood, aliyewahi kwenda jela kwa kuuza magazeti yasiyo na muhuri. Huyuhuyu baadaye alikuja kuwa meya wa Manchester mara mbili, na kengele kubwa ya ukumbi wa jiji inaitwa kwa jina lake.

Mei 1840 O'Connor alihukumiwa miezi 18 katika ngome ya York kwa maandishi ya uchochezi yaliyotoka gazetini mwake. Gazeti halikusimama. Barua zake ziliendelea kutoka, na alipoachiwa mwishoni mwa Agosti 1841 alitoka amevaa suti ya fustian, kitambaa kizito cha pamba walichovaa vibarua. Mwanasheria wa ukoo wa kujivunia, katika nguo ya mpiga nyundo! Wapinzani wake walisema ni maigizo. Yalikuwa maigizo kweli, lakini walioyatazama waliyapenda, na hakuna kiongozi mwingine wa wakati ule aliyefikiria kuwaheshimu kwa namna hiyo.

Shida ni kwamba gazeti la harakati lilikuwa mali ya mtu mmoja. Aliyegombana na O'Connor aligombana na gazeti. William Lovett, aliyeiandika Hati yenyewe, alishambuliwa humo. Bronterre O'Brien, mwandishi hodari kuliko wote waliowahi kuliandikia, aligeuzwa adui. Hill aliachishwa kazi mwaka 1843, na Hobson naye wakatengana, akaja kumwandama bosi wake wa zamani katika magazeti ya wengine. Hapa simtetei O'Connor.

Lakini alijua kuchagua. George Julian Harney aliajiriwa 1843 na kuwa mhariri 1845, baada ya ofisi kuhamia London mwishoni mwa 1844. Siku moja ya mwaka 1843, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya baba yake Manchester alifika ofisini Leeds kumuulizia Harney. Alikuwa Friedrich Engels, ambaye tangu hapo akawa analiandikia gazeti habari za Ulaya. Chini ya Harney, wafumaji wa Yorkshire walisoma kuhusu Poland, Ufaransa na Ujerumani. O'Connor hakuyafurahia yote hayo. Moyo wake ulikuwa kwenye mpango wa ardhi: wafanyakazi wachange, wanunue mashamba, wagawiwe kwa kura. Makumi ya maelfu walichanga. Shamba la kwanza, O'Connorville karibu na Rickmansworth, lilikaliwa mwaka 1847, mwaka uleule aliochaguliwa mbunge wa Nottingham. Hesabu za kampuni hazikunyooka, na Bunge likaifunga mwaka 1851.

Tarehe 10 Aprili 1848 Wachartisti walikusanyika Kennington Common, London, kupeleka ombi lao la tatu bungeni. O'Connor alidai lina sahihi milioni 5.7. Makarani wa Bunge walihesabu 1,975,496, na humo wakakuta jina la Malkia na la Duke wa Wellington. Magazeti yalicheka kwa miezi kadhaa. Watu wengi walioandika majina yao halisi hawakutajwa sana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama. Harney aliondoka 1850. Akili ya O'Connor ilianza kuyumba, na mwanzoni mwa 1852 gazeti liliuzwa. Mwaka huohuo, baada ya fujo ndani ya Bunge, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Chiswick. Harney alilinunua gazeti, akalibadilisha jina kuwa Star of Freedom, likafa Novemba 1852. Kodi ya muhuri ilifutwa katikati ya 1855. O'Connor alifariki tarehe 30 Agosti mwaka huo, na maelfu kwa maelfu ya watu walimsindikiza hadi makaburi ya Kensal Green.

Historia ya kwanza ya Wachartisti, ya R. G. Gammage mwaka 1854, ilimchora kama mropokaji aliyeiharibu harakati, na picha hiyo ilidumu zaidi ya karne. Mimi nasimama na wanaosema kwamba bila gazeti lake pasingekuwa na harakati ya kuharibu. Matoleo ya Northern Star yamewekwa kwenye intaneti, bure kwa yeyote. Anayesoma Kiingereza asianze na barua ndefu za O'Connor. Aanze na orodha za michango ya peni, asome majina ya vijiji.