Pasiansi: miaka 60 ya shule ya mabwana nyama

Ukitoka mjini Mwanza kwenda uwanja wa ndege, ukishaipita Kirumba na harufu ya dagaa wa mwaloni, unafika Pasiansi. Mgeni hupita bila kugeuza shingo. Wakazi wanaoamka kabla ya jua wanakijua chuo chao kwa sauti: nyimbo za mchakamchaka na buti zinazopiga ardhi kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, iliyoanzishwa mwaka 1966. Mwaka 2026 inatimiza miaka 60. Watu waliojifunzia hapa kulenga shabaha, kusoma ramani na kuandika maelezo ya mtuhumiwa wametawanyika katika mapori ya nchi nzima, na wengi wamestaafu bila jina lao kuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la zamu.

Hilo la kuandika maelezo ndilo nitakalolisemea zaidi. Tumezoea kumpima askari wa wanyamapori kwa bunduki yake. Mimi naamini kazi yake ngumu kuliko zote huanza pale bunduki inaporudishwa begani.

Wazee wa Kanda ya Ziwa hawakusema ofisa wanyamapori. Walisema bwana nyama, kama walivyosema bwana samaki, bwana shamba na bwana miti. Jina lilibeba heshima na hofu kwa pamoja. Usukumani kulikuwa na vyama vya wawindaji, kama Banunguli waliowinda nungunungu, wenye miiko yao, dawa zao na ngoma zao. Mwindaji alikuwa mtu wa kusifiwa. Kisha ikaja sheria. Wajerumani walitoa amri ya kwanza ya uwindaji mwaka 1896, chini ya gavana Hermann von Wissmann. Waingereza nao, mara walipoichukua Tanganyika, wakaunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1919 na kumweka Charles Swynnerton kuiongoza. Mzungu mwenye leseni akawa mwindaji, na mzee mwenye upinde akawa jangili. Bwana nyama ndiye aliyetumwa kumweleza mzee huyo kwamba mambo yamebadilika. Ukitaka kujua kwa nini hadi leo kuna vijiji vinavyonyamaza gari la doria likipita, anzia hapo.

Uhuru ulilikuta jambo hilo mezani. Mwezi Septemba 1961, kwenye mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere aliitangazia dunia kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake, na akaomba msaada wa wataalamu na fedha, maana watu waliofunzwa hawakuwepo. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuwaandaa maofisa wa Kiafrika. Lakini ofisa peke yake halindi pori. Anayelala porini, anayefuata nyayo, anayekutana na jangili ana kwa ana saa nane za usiku, ni askari. Kwa ajili ya huyo ndipo Pasiansi ilipoanzishwa, miaka mitatu baada ya Mweka.

Mahali penyewe paliifaa kazi. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka mjini, kilikuwa tayari kimefanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Magharibi ya ziwa kuna Rubondo, iliyokuwa pori la akiba tangu 1965 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Na ukishika barabara ya Musoma, baada ya saa mbili hivi za basi unafika Ndabaka, pale mkono wa magharibi wa Serengeti unapokaribia kuligusa ziwa. Kusini mwa Serengeti kuna Pori la Akiba la Maswa. Mwanafunzi wa Pasiansi hakuhitaji kuhadithiwa pori lilivyo.

Wala hakuhitaji kuhadithiwa msimu. Kwenye kalenda ya serikali, uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1, na mwenye kibali huingia kitaluni na orodha ya wanyama anaoruhusiwa, akifuatana na askari anayehakikisha kwamba aliyeruhusiwa nyati mmoja anapiga nyati mmoja. Huo ni msimu wa karatasi. Msimu mwingine haumsubiri waziri atie saini: ni wa nyumbu. Kati ya Mei na Julai makundi yanapoteremka kuelekea mto Grumeti, yanapita karibu na vijiji ambavyo nyama ya ng'ombe ni ya sikukuu. Hapo ndipo nyaya hutegwa.

Anayeambiwa neno mtego hufikiria mashine kubwa. Mtego wa Serengeti ni waya tu. Nyaya nyingi hupatikana kwa kuchoma tairi kuukuu hadi mpira uishe na nyuzi za chuma zibaki. Waya husokotwa kitanzi, mwisho mmoja ukafungwa kwenye shina la mti, kitanzi kikaning'inizwa kwenye kichochoro kimo cha shingo ya nyumbu. Unategwa mstari mzima, kisha mtegaji anarudi kijijini kulala. Waya hauchagui. Unamkamata nyumbu aliyekusudiwa, na vilevile pundamilia mwenye mimba, fisi aliyefuata harufu, simba, hata mguu wa twiga. Wanyama wengine huukata waya kutoka kwenye mti na kuondoka nao umezama shingoni, wakioza wakiwa hai. Askari lazima ajifunze kuuona waya wenye kutu katikati ya vijiti vya rangi ileile, na kwa hilo hakuna darasa linalomtosha. Macho hufundishwa na kutembea. Tangu 2017 Serengeti ina timu maalumu za kutegua nyaya, na baadhi ya watu wake waliwahi kuzitega wao wenyewe. Sijui walimu wazuri kuliko hao.

Ndovu wana historia yao, yenye damu zaidi. Mwaka 1989 serikali iliita jeshi na polisi kuungana na askari wa wanyamapori katika Operesheni Uhai, na mwaka huohuo dunia ikapiga marufuku biashara ya pembe. Ndovu wakapumua. Kisha wimbi likarudi: hesabu ya mwaka 2009 ilikuta ndovu 109,051 nchini, ile ya 2014 ikakuta 43,330. Miaka mitano. Januari 2016, juu ya pori la Maswa, majangili waliitungua helikopta iliyokuwa ikifuatilia mizoga ya ndovu, na rubani wake Mwingereza, Roger Gower, akafa. Askari wa Kitanzania waliouawa kazini katika miaka hiyo na iliyotangulia hawakutangazwa kwa ukubwa huo. Familia zao zinawajua.

Katikati ya wimbi hilo ndipo ilipokuja Operesheni Tokomeza, Oktoba 2013. Nayo lazima iandikwe, hata katika makala ya kusherehekea. Ilikusanya jeshi, polisi, mgambo na askari wa wanyamapori, na lengo lake lilikuwa la haki. Wiki chache baadaye ilisitishwa, kwa sababu wabunge walisimama kueleza habari za watu waliopigwa, waliodhalilishwa, waliochomewa nyumba na waliokufa. Desemba 20, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne wakaondoka madarakani kwa siku moja. Aibu ile iliwaangukia na askari waaminifu ambao hawakumgusa mtu, na ikavirudisha vijiji kwenye ukimya ule wa enzi ya mkoloni. Pori halilindwi na askari peke yake. Linalindwa pia na mama anayepiga simu kusema ameona wageni wenye mizigo wakivuka mto. Mama huyo ukimchapa mwanawe bila kosa, hatapiga simu tena.

Sasa turudi kwenye kalamu. Chukua kesi ya kawaida ya Kanda hii: askari wa doria wanamkuta mtu ndani ya hifadhi na panga, nyaya mbili na mguu wa nyumbu. Anayeangalia kwa mbali anadhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza imeanza. Hati ya kuchukua mali iandikwe palepale, mtuhumiwa atie saini au dole gumba, na kila kitu kihesabiwe. Ofisa wanyamapori athaminishe nyara na aeleze kwa alama gani amejua kuwa ni nyumbu na si ng'ombe, maana wakili atamuuliza. Na nyama mbichi haiwezi kungoja tarehe ya kesi, itaoza. Kwa hiyo inapelekwa kwa hakimu ili atoe amri iteketezwe, na fomu ya orodha yake ndiyo inayobaki kuwa ushahidi.

Hapo kesi nyingi zimevunjika. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa mwaka 2019 na mingine mingi iliyoufuata, imesema wazi: mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu amri hiyo inapotolewa, na apewe nafasi ya kusema neno. Akiachwa mahabusu wakati nyama yake inateketezwa, fomu ile haina nguvu. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mahakama moja ya wilaya nikasikia swali hilohilo likiulizwa, na nikaona shahidi akitazama chini. Mtuhumiwa alitoka huru asubuhi ile. Kama alikuwa na hatia, nyumbu wamepoteza. Kama hakuwa nayo, alikuwa amepoteza miezi ya maisha yake rumande. Kwa vyovyote vile, kosa lilikuwa la karatasi moja.

Wapo wanaolalamika kwamba majaji wanawalea majangili. Sikubaliani nao. Kupatikana na nyara za serikali zenye thamani kubwa kunaweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka 20 hadi 30. Nchi inayoweza kumfunga mkulima miaka 20 kwa mguu wa nyama inawajibika kumfunga kwa ushahidi usio na tundu. Ndiyo maana naiona Pasiansi kuwa muhimu kuliko silaha zote zilizonunuliwa: inafundisha utekelezaji wa sheria kama taaluma, na cheti chake kinataja jambo hilo waziwazi sambamba na uhifadhi wa wanyamapori.

Mwanza ina shule ya pili ya namna hii. Pasiansi iko kaskazini mwa jiji. Kusini, Nyegezi, kipo chuo cha uvuvi ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Huko hutoka bwana samaki. Yeye anasimamia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na pori lake halina mti wala njia. Adui zake ni kokoro, linalokwangua mazalia ufukweni na kubeba mayai na vifaranga, na timba, wavu usiooza ambao ukipotea majini unaendelea kuua. Kwenye mwalo utamwona na rula: sangara akipungua sentimita 50, hakupaswa kutoka ziwani. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu nyingi zilichomwa, na vilio vya wavuvi vikafika bungeni. Somo lilikuwa lilelile la Tokomeza, ndani ya maji. Ndiyo sababu vikundi vya usimamizi wa mialo, BMU, vya wavuvi wenyewe, vina thamani: mvuvi anajua jirani yake yupi ana kokoro chini ya kitanda.

Mabwana hawa wawili hukutana Rubondo. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji, mahali pa samaki kuzaliana. Kijana aliyejifunza Pasiansi kufuata nyayo za tembo, akipangiwa huko, hujikuta usiku yuko ndani ya boti, taa imezimwa, akisikiliza kasia. Sheria imebadilika, mnyama amebadilika, lakini hati anayoijaza alfajiri ni ya aina ileile: nani, wapi, saa ngapi, amekutwa na nini, nani ameshuhudia.

Katika miaka ya karibuni mambo yamekwenda haraka. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kazi nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Mwaka 2020 sheria ikaunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu. Askari sasa wana vyeo vya kijeshi, sare mpya na amri za kijeshi. Nidhamu hiyo inahitajika. Pori ni mahali pa hatari. Ombi langu kwa wakuu wa chuo ni kwamba saa za gwaride zisizile saa za sheria ya ushahidi, na kwamba katika kila kozi hakimu aalikwe Pasiansi awaeleze vijana ni kwa nini kesi zao zinashindwa.

Na kwako msomaji: kama baba yako, babu yako au mama yako alipita Pasiansi, fungua sanduku lake. Picha ya kozi, kofia, daftari la doria lenye majina ya mito na tarehe, barua ya uhamisho kwenda pori fulani mwaka fulani, vyote hivyo ni historia ya taifa. Mkalishe chini wakati bado anakumbuka, uandike anayosema, kisha upeleke nakala chuoni. Kiko palepale, kando ya barabara ya uwanja wa ndege.