Mashine Iliyokosa Moto wa Juu

Chapati ya jana ukiipasha moto kwenye maikrowevu dakika moja, inatoka laini kama pamba. Ngoja ipoe kidogo: soli ya kandambili. Sambusa nazo hunyong'onyea, na kuku wa kuchoma hutoka na ngozi iliyolowa kama aliyenyeshewa njiani. Wengi husema ni kwa sababu mashine ni ya bei rahisi. Ya bei ghali hufanya yaleyale. Chanzo kiko kwenye asili ya chombo chenyewe, ambacho hakikuzaliwa jikoni wala hakikubuniwa na mpishi.

Bibi yangu hakuwa na oveni. Siku ya mkate wa kumimina aliinjika sufuria kwenye jiko la makaa, akamimina mchele uliosagwa kwa tui na iliki, ambao umeshaumuka. Ulipoanza kutoboka vitundu juu, alipunguza makaa ya chini, akafunika, kisha akapalia: makaa mekundu yakapangwa juu ya kifuniko, mengi kuliko yaliyobaki jikoni. Moto wa chini uliivisha, wa juu ulitia rangi. Hakuwa na kipimajoto. Alisogeza mkono tu karibu na kifuniko, akajua. Oveni ya umeme, pamoja na vitufe vyake vyote, ni kupalia kulekule kuliofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Waya mmoja uko chini, mwingine juu, na huo wa juu ndio tunaouita grili.

Maikrowevu ilikuja kwa njia nyingine, njia ya vita. Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wanafizikia John Randall na Harry Boot waliwasha kwa mara ya kwanza aina mpya ya magnetroni. Lilikuwa bonge la shaba lenye matundu, dogo la kushikika mkononi, lakini lilitoa mawimbi mafupi ya redio kwa nguvu isiyokuwa na mfano. Kwa mawimbi hayo, rada iliweza kupunguzwa ukubwa hadi ikabebwa na ndege. Septemba mwaka huohuo Waingereza waliipeleka siri hiyo Marekani, kwenye viwanda visivyodondoshewa mabomu.

Miongoni mwa waliopata kazi ya kutengeneza magnetroni hizo ni kampuni ya Raytheon ya Massachusetts, na fundi aliyebuni namna ya kuzitoa kwa wingi aliitwa Percy Spencer. Alikuwa yatima wa jimbo la Maine, aliyeacha shule angali mtoto akaenda kufanya kazi kiwandani. Elimu ya redio aliianzia jeshi la majini, na mengi alijisomea mwenyewe. Kisa chake cha mwaka 1945 kimesimuliwa sana: alisimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, akagundua peremende ya chokoleti imeyeyuka mfukoni. Badala ya kufikiria dobi, akaagiza mahindi. Yakawa bisi. Ikafuata zamu ya yai, nalo likamlipukia usoni mwenzake aliyeinama kulichungulia. Tarehe 8 Oktoba 1945, vita vikiwa vimekwisha mwezi mmoja tu, maombi ya hataza yalipelekwa.

Mashine ya kwanza kuuzwa, Radarange ya 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima, mita 1.8 hivi, na uzito wa kilo 340. Ilipozwa kwa maji ya bomba, kwa hiyo kuinunua kulikuwa ni kumwita na fundi bomba. Ilifaa meli na mikahawa mikubwa. Ya nyumbani iliyotolewa na kampuni ya Tappan mwaka 1955 iliuzwa dola 1,295, na wateja wakaitazama tu. Milango ilifunguka mwaka 1967, kampuni ya Amana ilipotoa ya kuwekwa juu ya meza kwa dola 495.

Hapo ndipo upungufu wa moto wa juu ulipoonekana. Mawimbi ya maikrowevu huyatikisa hasa maji yaliyomo kwenye chakula, na maji hayavuki nyuzi 100 kabla ya kugeuka mvuke. Ile rangi ya hudhurungi ya nyama choma, ambayo Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza kemia yake mwaka 1912, hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi, juu ya uso mkavu. Ndani ya maikrowevu hewa haina joto la kukausha chochote. Mvuke unaotoka katikati ya nyama ndio unaoilowesha ngozi. Vitabu vya mapishi vya miaka ya 1970 vilifundisha kupika hata bata mzinga mzima humo, na bata akatoka kijivu. Ziliuzwa sahani maalumu za kubabua nyama. Nadhani zilitumika mara mbili, kisha zikapelekwa stoo.

Wajapani wa Sharp walishashughulikia tatizo jingine, la chakula kuungua huku na kuwa baridi kule, kwa kuweka sahani inayozunguka mwaka 1966. La rangi lilibaki. Hata hivyo mashine ilinunuliwa: mwaka 1971 ilikuwa kwenye takriban nyumba moja kati ya mia nchini Marekani, mwaka 1986 kwenye robo ya nyumba. Watu walikuwa wameshaigundulia kazi ambayo matangazo hayakuitilia mkazo, yaani kupasha kiporo.

Watengenezaji hatimaye walisalimu amri, wakafunga waya wa moto kwenye dari ya baadhi ya maikrowevu. Ya ofisini kwetu inao, na kitufe chake kimechorwa mstari wa vimeno juu ya sahani. Kwa miaka minne sijamwona mtu akikibonyeza. Saa saba mchana foleni inapangwa na mabakuli mkononi, na mtu akipasha samaki wa nazi wa jana, jengo zima linapata habari.