Kuvunjika kwa plagi za Ford Triton

Kuvunjika kwa plagi wakati wa kufunguliwa ni tatizo linalojulikana sana katika injini ya petroli ya Ford Triton ya lita 5.4, yenye silinda 8 na vali 3 kwa kila silinda. Injini hiyo iliingia katika pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 2004 nchini Marekani, kisha ikatumika pia katika Expedition na Lincoln Navigator. Walioathirika zaidi ni wenye magari yaliyotembea maili nyingi bila kubadilishiwa plagi.

Chanzo

Plagi ya kawaida huishia karibu na mwisho wa hesi zake. Ile ya Triton ina ganda refu la chuma linaloteremka chini ya hesi kuelekea chumba cha mwako, nalo ni kipande cha pili kilichounganishwa na mwili wa plagi. Masizi hupenya kati ya ganda na kichwa cha silinda, yakawa magumu. Fundi akizungusha spana, sehemu ya juu hufuata lakini ganda limenaswa. Plagi hukatika kwenye kiungo na ganda kubaki ndani. Ratiba ya kiwanda ilikuwa kubadilisha plagi kila maili 100,000 (takriban km 160,000), muda mrefu wa kutosha masizi kujijenga.

Triton ya awali ya vali 2 ilikuwa na kasoro tofauti kabisa: hesi zilikuwa chache katika kichwa cha alumini, na baadhi ya plagi zilichomoka zenyewe injini ikifanya kazi.

Kufungua

Mafundi wengine hupendelea injini ya moto, lakini maelekezo ya Ford yalitaka iwe imepoa. Kwanza uchafu hupulizwa kwa upepo kutoka kwenye shimo la plagi. Plagi hulegezwa kidogo tu, isizidi robo mzunguko, kisha dawa ya kusafishia kabureta humiminwa shimoni na kuachwa angalau dakika 15. Ikizidi kiasi huweza kujaa ndani ya silinda na kuzuia pistoni. Baada ya hapo plagi huzungushwa mbele na nyuma polepole. Mashine ya upepo ya kufungulia nati haifai hapa.

Ikivunjika

Si lazima kichwa cha silinda kifunguliwe. Vipo vifaa maalumu, kwa mfano cha kampuni ya Lisle, ambavyo husukuma kauri chini ndani ya ganda, hukata hesi katika ganda lenyewe, kisha hulivuta nje. Kipande cha kauri kikidondoka kwenye silinda ni lazima kitolewe kabla injini haijawashwa, kwani kinaweza kukwaruza kuta zake.

Kufunga mpya

Grisi ya nikeli ya kuzuia kunasa hupakwa kwenye ganda pekee, si kwenye hesi. Plagi hukazwa kwa Nm 34. Kampuni nyingine, ikiwemo Champion, zilitoa plagi za kipande kimoja kwa injini hizi. Ford nayo ilibadilisha muundo wa kichwa cha silinda na plagi zake katika injini zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007.