Aliyepanda na Aliyetia Maji: Miti ya Mara na Vyuo Vyetu

Tarehe 5 Juni 2017 macho ya nchi yalielekea Butiama. Maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mazingira Duniani yalifanyika nyumbani kwa Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, na mgeni rasmi alikuwa Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan. Sisi watu wa Mara tuliona fahari. Mkoa wetu, ambao mara nyingi hutajwa kwa wizi wa mifugo na uvuvi haramu, safari hii ulitajwa kwa jambo jema.

Insha hii inahusu siku zinazofuata baada ya sherehe kama ile. Tunawaandikia washarika wenzetu kwa sababu makanisa yetu na vyuo vyetu vimepanda miti mingi kwa hotuba na nyimbo, na mingi kati ya hiyo haipo leo. Tumeona ni vema tuulize kwa nini. Historia ya mkoa wetu na ya majirani zetu ina majibu.

Tuanze na tarehe yenyewe. Mwaka 1972 mataifa yalikutana Stockholm, Sweden, kuzungumzia mazingira ya binadamu. Mkutano ulifunguliwa tarehe 5 Juni, na Umoja wa Mataifa ukaifanya siku hiyo kuwa Siku ya Mazingira Duniani. Huko Sweden mwezi Juni ni mwanzo wa majira ya joto na kila kitu ni kibichi. Huku kwetu mambo ni kinyume. Masika yanaishia Mei. Mche unaopandwa Bunda au Musoma tarehe 5 Juni unaingia ardhini wakati ardhi inaanza kukauka, na mbele yake kuna Julai na Agosti bila mvua ya kutegemea. Serikali yetu inalijua hilo, ndiyo maana Siku ya Taifa ya Kupanda Miti iliwekwa tarehe 1 Aprili, katikati ya mvua.

Tena tunayo siku ya tatu. Mto Mara husafiri karibu kilomita 400 kutoka misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita Serengeti, ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Tangu mwaka 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba kwa ajili ya mto huo. Basi mwaka una siku tatu za miti na maji. Zinabaki siku 362, na hizo ndizo zinazoamua kama mti utaishi au utakufa.

Sasa turudi Butiama. Kabla ya Siku yoyote ya Mazingira kutangazwa, Butiama palikuwa na msitu uliotunzwa. Ni msitu wa Muhunda, karibu na Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu mwezi Oktoba 1999. Wazee wa Kizanaki waliuheshimu kwa kuwa waliamini kwamba ni makao ya mzimu. Haukuwa na askari wa misitu wala bango. Ulikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa na likizo. Mtoto aliyetumwa kuokota kuni alijua tangu utotoni ni wapi asiingie na panga.

Hapa sisi wahubiri tunapaswa kusema kweli juu yetu wenyewe. Injili ilipofika Mara, iliwaambia watu kwamba Kristo ana mamlaka juu ya kila pepo na kila mzimu. Tuliihubiri hivyo na tunaendelea kuihubiri hivyo, kwa kuwa ndiyo imani yetu. Lakini pale ambapo hofu ya mzimu iliondoka, ulinzi wa mti nao mara nyingi uliondoka. Tuliwafundisha watu wasiogope msitu. Hatukuwafundisha kwa bidii ileile kwamba msitu una Mwenyewe. Katika Mwanzo sura ya 2, kabla ya anguko, Mungu alimweka mwanadamu bustanini na kumpa kazi mbili: kulima na kutunza. Kazi ya kwanza tumeifanya sana. Ya pili tumeiachia siku za maadhimisho.

Tusiwasahau watangulizi wetu. Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934, na baadaye Bukiroba, karibu na Musoma, pakawa na shule yao ya Biblia. Mwaka huohuo wa 1934 kijana Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akitokea Butiama. Mwezi Machi 1967 kijana huyohuyo, sasa akiwa Rais, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe pia shamba. Vyuo vya kanisa navyo vililima. Wengi wetu tuliosoma theolojia tulipalilia mahindi asubuhi na kusoma Kiyunani mchana.

Mashamba yale yalifanikiwa kwa sababu moja rahisi: aliyepanda alikula. Mahindi hukomaa kwa miezi michache, na mwanafunzi aliyeyapanda aliyaona kwenye sahani yake kabla ya kuhitimu. Mti hauko hivyo. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu au mitano, lakini kivuli kinachotosha darasa zima huhitaji miaka mingi kuliko hiyo. Anayepanda mti chuoni anampandia mtu ambaye hatamjua. Hilo linahitaji imani ya namna nyingine.

Linahitaji pia utaratibu. Hapa tunakiri kosa letu. Tulipokuwa wanafunzi katika chuo kimoja cha kanisa huku Kanda ya Ziwa, tulipanda miti kuzunguka uwanja wa mpira siku ya 5 Juni. Wageni walikuja, kwaya ikaimba, kila kidato kikapewa mstari wake. Tulipiga picha. Mwezi wa saba tukafunga chuo, tukaenda makwetu. Tuliporudi, kando ya uwanja palikuwa na vijiti vikavu na alama za kwato za mbuzi. Hakuna aliyelaumiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekabidhiwa.

Lakini nyuma ya jiko miche michache iliyosalia siku ile, ambayo mtu aliichomeka pale ili isitupwe, ilikuwa hai na mirefu kupita goti. Mama mpishi alikuwa akiimwagia maji ya kuoshea vyombo kila jioni, hata wakati wa likizo, kwa kuwa yeye hakuwa na likizo kama yetu. Alikuwa ameizungushia miiba. Tulipomshukuru alicheka, akatuambia, "Wachungaji wangu, mti hauli picha." Jina lake halikuwamo katika ripoti ya siku ya mazingira. Yaliandikwa majina ya wageni, na ya sisi tulioshika majembe.

Tangu siku hiyo tunapoisoma 1 Wakorintho sura ya 3 tunamwona mama yule. Wakorintho waligombana juu ya viongozi, nani mkubwa. Paulo akawakumbusha kwamba katika shamba la Mungu yupo wa kupanda na yupo Apolo wa kumwagilia, na kwamba ukuaji wenyewe hautoki kwa yeyote kati yao. Kanisa letu lina akina Paulo wengi siku ya kupanda. Mwezi wa saba Apolo ni mmoja, naye hana ndoo.

Majirani zetu wa Kenya walijifunza jambo hili mapema. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo lilipoanzia vuguvugu la Green Belt, na mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini kati ya miti ile saba, miwili tu ndiyo iliyodumu. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Baadaye vuguvugu lake liliwalipa akina mama kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliokuwa hai baada ya miezi kadhaa. Mche uliopandwa tu haukulipiwa. Badiliko hilo dogo la hesabu lilifanya kazi kubwa, kwa maana watu hutunza kile kinachohesabiwa.

Nasi Walutheri tunayo yetu. Mwaka uleule wa 2017, Butiama ilipoadhimisha mazingira, sisi tuliadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa. Mimbari nyingi zilirudia usemi kwamba Martin Luther alisema angepanda mche wa tufaha leo hata kama angejua dunia inaisha kesho. Nasi tuliurudia. Ukweli ni kwamba wataalamu hawajaukuta usemi huo katika maandishi yake. Ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana ni wa mwaka 1944, katika barua iliyosambazwa kwa wachungaji wa Hessen, Ujerumani, wakati wa vita. Hilo halitupunguzii kitu. Walioupokea walikuwa watu ambao miji yao ilikuwa inaungua kweli, na bado waliona ni vema kuongea juu ya kupanda.

Wittenberg, mji wa Luther, kuna bustani iliyoanza kupandwa mwaka 2009, ikilenga miti 500 kwa ajili ya miaka 500. Makanisa ya ulimwengu yalialikwa kupanda mti pale, na kila kanisa likaombwa kupanda mwingine nyumbani kwao. Tunapenda sharti hilo la pili. Mti wa Wittenberg una watunza bustani. Mti wa nyumbani una sisi.

Hapa nchini, Askofu Fredrick Shoo, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini na aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kama askofu wa miti kwa sababu aliingiza upandaji wa miti katika maisha ya kawaida ya kanisa, hata vijana wa kipaimara wakawa wanapanda. Hekima yake ni kwamba kijana wa kipaimara hahami kesho. Anakaa palepale na mti wake, na kila akipita anauona.

Leo Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Musoma kuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, na Bunda kuna chuo cha ualimu. Vijana wetu watajaa huko, nao watapanda miti, tuna hakika. Tunawaombea, na tunawashauri kama ndugu waliotangulia kukosea.

Kwanza, tupande kwa kalenda ya mvua. Tarehe 5 Juni iwe siku ya kuhesabu miti iliyopandwa Machi na Aprili, kuizungushia miiba na kuipangia zamu za maji. Sherehe haitapungua, nyimbo ni zilezile.

Pili, tuwakabidhi wanaobaki. Chuoni wanaobaki wakati wa likizo ni wapishi, walinzi na majirani. Wapewe miti kwa majina, na siku ya sherehe wakae mbele pamoja na wageni. Darasa linalohitimu liwakabidhi miti yake wanaoingia, kama mzee wa kanisa anavyokabidhi vitabu vya hesabu.

Tatu, tuhesabu miti iliyo hai. Mkutano mkuu wa usharika husomewa mapato na matumizi. Isomwe na miti: mwaka jana tulipanda mingapi, leo mingapi imesimama. Tukisoma kwamba tulipanda mia na imebaki kumi, tutaona haya. Haya hiyo itatufaa.

Wazee wa Muhunda walilinda msitu wao kwa hofu, na msitu ukaishi. Sisi tumewaambia watu kwamba upendo una nguvu kuliko hofu. Tusipoweza kuulinda mti mmoja kwa kiangazi kimoja, watoto wetu watakuwa na haki ya kutuuliza upendo huo uko wapi. Nasi tungependa siku hiyo tuwaonyeshe mti wenyewe, wakiwa wamekaa chini ya kivuli chake.

Masika yajayo usharika wetu utapanda tena. Safari hii tumeanza kwa kuorodhesha watakaotia maji mwezi wa saba, na orodha hiyo imebandikwa mlangoni mwa kanisa kabla hata ya kununua miche. Majina yetu sisi wachungaji yamo, kila mmoja na siku zake. Mungu, mwenye kukuza, atujalie kuwa waaminifu katika hilo dogo.