Kamera Iligeukia Bahari: Machweo ya Unguja na Picha za Wasafiri

Nyumbani kwa shangazi yangu, Muscat, ipo picha ndogo isiyo na rangi, iliyopigwa Forodhani, Unguja, katika miaka ya 1950. Watu sita wamesimama karibu na ukuta wa bahari, na nyuma yao linaonekana jengo la Beit al-Ajaib. Nyuso zao zimejaa mwanga, wengine wamekunja macho kidogo. Mbingu juu yao ni nyeupe tupu, kama karatasi isiyoandikwa. Nyuma ya picha, kwa hati za Kiarabu na kwa lugha ya Kiswahili, babu yangu aliandika majina ya wote sita, na chini yake neno moja la kuonyesha wakati: magharibi.

Mwaka juzi nilikwenda Unguja nikasimama mahali hapo hapo, saa hiyo hiyo, nikapiga picha yangu kwa simu. Imetoka na rangi zote za moto: manjano, chungwa, wekundu wa kaa linalozimika, na katikati yake jahazi moja jeusi limetweka tanga. Niliporudi Muscat nikamwonyesha shangazi. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya vivuli vitatu vilivyomo chomboni, akauliza: "Mwanangu, na hawa ni nani?" Nikamjibu, "Sijui, shangazi." Hakusema neno jingine, lakini swali lake halikuniacha. Katika picha ya babu jua halionekani, bali majina yote yapo. Katika yangu jua limeonekana, na majina yamepotea. Nimeona vyema kuuliza mabadiliko hayo yalitokeaje.

Tuanze na jambo jepesi ambalo ni rahisi kulipuuza, nalo ni upande ambao mpiga picha ameelekea. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa upande wa magharibi wa kisiwa. Bahari yake ni mlango wa maji uliopo baina ya kisiwa na bara, na jua huchwa huko. Kwa hiyo, jioni, majumba ya mbele yote hupokea mwanga wa jua usoni. Mtu aliyetaka kuipiga picha Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, alikuwa na sababu nzuri ya kungoja alasiri, akasimama upande wa bahari, au juu ya sitaha ya meli iliyotia nanga, huku jua likimchoma mgongoni. Ukitazama picha za zamani za Unguja, utaiona sura hiyo tena na tena: safu ya majumba meupe, bendera, madirisha, watu na vyombo mbele yake. Mpiga picha amelipa mgongo jua na kuupa uso mji. Msafiri wa leo hufanya kinyume. Hukaa juu ya dari ya hoteli au ukingoni mwa Forodhani, akaupa mji mgongo, akaelekeza kamera baharini.

Ugeuzi huo una sababu zake, na ya kwanza ni ya kemia. James Augustus Grant alifika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke, katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Alikuja na vyombo vya kupigia picha, na baadhi ya picha alizozipiga mjini ni miongoni mwa za mwanzo tunazozijua kutoka kisiwani. Njia iliyotumika zama hizo ilihitaji kioo kipakwe dawa, kitiwe ndani ya kamera kikiwa bado kimaji, kipigwe, kisha kisafishwe gizani kabla dawa haijakauka. Katika joto la pwani, dawa ilikauka upesi, na kazi ya gizani ilifanywa ndani ya hema dogo lililofungwa pande zote. Speke ameandika kwamba joto la hema hilo lingemmaliza mwenziwe, na hivyo kamera ikawekwa kando, Grant akashika kalamu na rangi za kuchorea.

Hata hivyo, udhia wa hema haukuwa kizuizi kikubwa kwa mwenye kutaka picha ya machweo. Kizuizi kikubwa kilikuwa kwamba kioo chenyewe hakikuuona wekundu. Dawa za wakati ule ziliathiriwa na mwanga wa buluu na urujuani, lakini mwanga mwekundu na wa chungwa ulipita kana kwamba ni giza. Matokeo yake yalikuwa mawili. Mbingu ya mchana, kwa kuwa ni ya buluu, iliungua kabla ya kitu kingine na kutoka nyeupe isiyo na wingu hata moja. Mbingu ya magharibi, ambayo jicho huiona ikiwaka, kwenye kioo haikuwa chochote. Mfaransa Gustave Le Gray, aliyesifika kwa picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, alilazimika mara nyingine kutumia vioo viwili, kimoja cha mawingu na kimoja cha maji, akaviunganisha katika picha moja. Picha yake mashuhuri ya merikebu ilidhaniwa na wengi kuwa ni ya mbalamwezi, kumbe ilipigwa mchana, kamera ikielekea penye jua. Kwa hiyo weupe wa mbingu katika picha kongwe za Unguja usituhadae tukadhani kwamba watu wa zama hizo hawakuyaona machweo. Jicho la chombo ndilo lililokuwa pofu.

Sababu ya pili ni njia ya kufikia. Baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zilizidi katika pwani yetu, na kila meli ilileta abiria waliotaka kumbukumbu ya kupeleka kwao. Wapiga picha kutoka Goa ndio waliolishika soko hilo: A. C. Gomes, ambaye studio yake ilianza mwishoni mwa miaka ya 1860, kisha ndugu wa Coutinho, na Pereira de Lord. Abiria alikuwa ameuona mji kwanza kutoka majini, na picha aliyoinunua, na baadaye postikadi, ilimrudishia mtazamo huo huo wa kuwasili. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, watu bado walikuwa wakiingia Unguja kwa njia ya bandarini. Mlango wa mji ulikuwa bahari, na uso wa mji ulikuwa ukiwatazama wanaokuja.

Na wenyeji je, waliitazama vipi saa hiyo? Lugha yetu inatoa ushahidi. Neno magharibi kwetu ni upande wa dunia, ni wakati wa siku, na ni sala. Jua likichwa, siku haimaliziki, bali huanza. Saa moja ya usiku ni saa moja tangu jua kuchwa, na kwa hesabu ya wazee usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, si unaoifuata. Mwezi nao huingia magharibi. Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani watu hutoka pwani wakaelekeza macho pale pale ambapo mtalii leo anaelekeza kamera, lakini wao wanalisubiri jua litoweke ili kitu kingine kionekane: uzi mwembamba wa mwezi mwandamo, ambao kuonekana kwake ndiko kunakoamua kama kesho ni kufunga au kula. Majumbani ni saa ya kuwaita watoto ndani na kufukiza ubani. Basi machweo kwetu hayakuwa mandhari. Yalikuwa mpaka, na mtu hukaa mpakani akiwa na shughuli.

Nasema hivi nikikumbuka miaka yangu ya masomo London, ambako hesabu hii ilinivunjikia mkononi. Unguja jua huchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, likipita kidogo tu, na giza hufuata katika muda wa dakika 20 hivi. London, mwezi wa Desemba, jua huchwa kabla ya saa kumi ya jioni. Mwezi wa Juni, saa tatu ya usiku jua bado lipo, na neno "usiku" linakuwa kama kichekesho. Muscat nako kuna ugeni wake: jua hutokea baharini na kuchwa nyuma ya milima. Aliyekulia Forodhani anaishi huko kana kwamba dunia imegeuzwa kama kanzu iliyovaliwa ndani nje. Labda ndiyo maana sisi tulio mbali tunaipenda mno picha ya tanga na jua jekundu. Inaturudishia pande za dunia mahali pake.

Turudi kwenye kamera. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa na dawa ya kioo hukifanya kihisi mwanga ambao hapo kabla hakikuuhisi. Kufikia mwaka 1906 viliuzwa vioo vinavyohisi rangi zote pamoja na nyekundu, na mwaka 1907 ndugu wa Lumière wa Ufaransa walitoa sokoni vioo vya picha za rangi vilivyotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi. Kodachrome ilitoka mwaka 1935, kwanza kwa sinema, na mwaka uliofuata kwa picha mnato. Kamera ikawa imefumbuliwa macho. Lakini filamu ya rangi ilikuwa ghali, na babu yangu, kama watu wengi wa miaka ya 1950, aliendelea na nyeusi na nyeupe. Ndipo mambo mengine yakaingilia. Mapinduzi ya Januari 1964 yalitawanya familia nyingi, na albamu zao pamoja nao, nyingine zikabaki nyuma zisirudi tena. Wageni waliokuja kwa wingi baada ya uchumi kufunguliwa katika miaka ya 1980 walizidi kuja kwa ndege. Hawakuwa tena na mtazamo wa kuwasili kwa bahari. Walikuwa na dari za majumba ya zamani yaliyogeuzwa hoteli, na jioni ya kuijaza.

Picha iliyozaliwa hapo ina kanuni yake. Ili rangi za mbingu zitoke vizuri, kamera hupima mwanga wa mbingu, na kila kilicho mbele yake huwa cheusi. Jahazi hubaki umbo, mtu hubaki umbo. Jahazi, mashua, dau na ngalawa, ambavyo kwa mwenyeji vina majina, kazi na wenyewe, vyote huwa kitu kimoja. Mvuvi anayetoka jioni na karabai yake kwenda kuvua usiku kucha, kazi yake ikiwa ndiyo kwanza inaanza, huonekana kama alama ya utulivu na mapumziko.

Hata hivyo, haifai tuyasafishe ya zamani kupita kiasi. Studio zile zile zilizoupiga mji kwa mwanga wa alasiri ziliuza pia picha za wanawake, wachukuzi na watumwa walioachwa huru, nyuso zao zikiwa wazi kabisa, na chini yake maandishi ya kabila au kazi tu. Mwanga usoni si jina. Katika Mkusanyo wa Winterton uliopo Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, zimo picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Mtu anaweza kupekua sana humo akikutana na macho yanayomtazama bila kujua ni ya nani. Kwa hivyo tofauti ya picha ya babu na yangu haiko katika jua wala filamu. Babu aliwapiga watu aliowajua, akaigeuza picha, akaandika. Mimi nilipita njia.

Na kuandika huko kumekuwa na thamani ambayo babu hakuikusudia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake. Ukuta uliopokea mwanga wa jioni katika picha zote zile ukawa kifusi. Katika ile picha ndogo ya Muscat, jengo bado limesimama, na watu sita mbele yake bado wanaitwa kwa majina.

Baada ya swali la shangazi nilimtumia binamu yangu aliyepo Unguja picha yangu, nikamwomba aionyeshe kwa watu wa pwani. Nilidhani ni kazi bure. Siku ya tatu akanijibu. Wavuvi walikitambua chombo kwa kiraka kilichopo pembeni mwa tanga, wakamtajia nahodha na vijana wake wawili. Walinisahihisha pia mambo mawili: chombo kile si jahazi, ni mashua, na hawakuwa wakirudi nyumbani, walikuwa wakitoka. Nimeichapisha picha ile kwenye karatasi. Nyuma yake nimeandika majina matatu, mahali, mwaka, na neno magharibi, nikampelekea shangazi. Aliisoma nyuma kwanza, ndipo akaigeuza.